Uzi: Kupeleka vitabu na washairi kutoka Nairobi hadi tamasha la fasihi la ufukweni

Karatasi_na_Gundi (mwanzisha uzi)

Wadau, kila mwaka msimu wa matamasha ya pwani ukikaribia maswali huwa yale yale: tubebe vitabu vingapi, tuvifungashe vipi, jukwaa likae wapi. Nafungua uzi huu tuyaweke yote mahali pamoja, kwa sababu wachapishaji wadogo wa hapa Nairobi wanaharibikiwa na vitabu vizuri kwa mambo yanayozuilika kabisa. Mimi naanza na karatasi. Wanaojua maji, sauti na ghani waje waongeze.

Uzito kwanza. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 huwa na gramu 5 karibu kamili. Kitabu cha A5 chenye kurasa 200 kina karatasi 100 za A5, sawa na A4 hamsini, yaani gramu 250. Tia jalada, unafika 270. Vitabu 40 ni kilo 10.8, pamoja na katoni ni kilo 11 na ushei. Ishieni hapo. Katoni ya vitabu 80 inapita kilo 22, na ndiyo inayopasuka chini mtu anapoishusha kwenye matatu au botini. Inapopasuka, vitabu vya chini hukunjika pembe, na kitabu kilichokunjika pembe mnunuzi hakigusi.

Pili, unyevu. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na hewa yake ni kavu ukilinganisha na Mombasa au Lamu. Kitabu kikishuka pwani kinaanza kunywa maji ya hewani. Jalada lina ule utando wa plastiki upande wa nje tu. Upande wa ndani ni karatasi tupu, kwa hiyo unavimba huku wa nje umekazana, na jalada linajikunja kwenda nje kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Watu hudhani mpiga chapa amewapunja, kumbe ni tabia ya karatasi. Dawa yake ni hii:

– Vitabu vilale, visisimame. Vikisimama mezani hujikunja ndani ya saa chache.
– Kila rundo liwe la vitabu vinane hadi kumi, juu yake ubao au kitabu kinene cha jalada gumu.
– Mezani weka nakala mbili au tatu za kila kitabu. Nyingine zibaki zimefungwa chini ya meza, juu ya mbao, zisiguse mchanga wala saruji.
– Usiku msiziache bandani hata kama kuna mlinzi. Umande wa pwani hupenya turubai.

Tatu, gundi ya mgongo. Vitabu vingi vyetu hubandikwa kwa gundi ya moto, na gundi hiyo hulegea ikipata joto kali. Buti la gari lililoegeshwa juani mchana kutwa linatosha kuilegeza. Mnunuzi akifungua kitabu kwa nguvu wakati gundi ingali laini, kurasa za katikati zinamtoka mkononi. Msiache katoni garini. Vile vijitabu vya mashairi vya pini mbili navyo vina adui mwingine, chumvi. Pini za chuma cha kawaida huanza kutoa kutu na kuacha doa la rangi ya chai katikati ya ukurasa. Kama ndiyo mnakwenda kuchapa sasa, mwambieni mpiga chapa ashone kwa uzi. Kazi ya uzi kwa kijitabu cha kurasa 32 ni ndogo, na kinadumu.

---

Msomaji_Kayole

Asante kwa hesabu ya kilo, wengi tulikuwa tunakisia tu. Naongeza ya safari.

Treni ya SGR, ile reli ya kisasa, inaondoka kituo cha Syokimau na kuishia Miritini, si kisiwani Mombasa. Pangeni gari la kutoka Miritini mapema, kwa sababu mkishuka na katoni sita mtakuwa mnashindana na abiria wa treni nzima. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, lakini hakikisheni kabla ya kulipa. Kitambulisho ni lazima, na jina la kwenye tiketi lilingane nacho.

Mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa wa ulinzi, kisha inapita kwenye mashine. Katoni iliyozungushiwa utepe wa gundi kila upande ndiyo inayoombwa kufunguliwa, na ukishaikata hufungi tena vizuri. Fungeni kwa kamba ya katani, fundo la kufunguka. Na kile kisu kidogo cha kukatia katoni msikibebe, kitabaki pale mlangoni. Nunueni kingine mkifika.

Wa kwenda Lamu, barabara inaishia Mokowe, halafu ni boti. Mji mkongwe hauna magari, mizigo inakwenda kwa punda na mikokoteni. Katoni ya kilo 11 inafaa kabisa hapo. Botini ziwekeni juu ya ubao wa kukalia au juu ya kreti, msiziweke sakafuni. Chini ya boti maji hayakosekani, na katoni hufyonza kutoka kitako bila mtu kuona. Afadhali beseni kubwa la plastiki lenye mfuniko wa kubana.

---

Mchapishaji_Mpya

Wakubwa naomba kuuliza. Sisi tumepewa meza moja na muda wa saa moja wa usomaji jioni, mpangilio ni juu yetu. Tulifikiria tuweke viti ufukweni kabisa, usiku wa mwezi mpevu, tuanze saa kumi na mbili na nusu jua likizama. Kuna ubaya?

---

BiMkubwa_Mvita

Mwanangu, hapo umekusanya makosa mawili kwenye sentensi moja, na la tatu nitakuongezea, lakini si kosa lako, bara hakuna bahari ya kuwafunza. Sikiliza taratibu.

Mwezi ukiwa mpevu, na pia unapoandama, bahari huwa bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana. Siku za katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai mno wala hayapwi mno. Kwa upande wetu wa Mombasa bamvua lina saa zake. Maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo usiku wa mwezi mpevu, saa kumi jioni mnapotaka kupanga viti, maji yako pale pale mnapotaka kuvipanga. Mtavipanga nyuma zaidi, na watu wa kwanza wakifika mchanga bado umelowa.

La pili ni Magharibi. Jua huzama kwetu karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na hiyo ndiyo saa ya swala. Mkianza hapo mtasomeana wenyewe kwa wenyewe. Wasikilizaji mnaowataka, wazee wanaojua shairi, wako msikitini. Isha huja karibu saa moja na nusu. Anzeni saa mbili kasorobo au saa mbili kamili, mtawapata wote. Ijumaa msiweke kitu chochote kati ya saa sita na saa nane mchana.

La tatu, ambalo hukulitaja, ni Ramadhani. Hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, basi anayepanga tamasha la mwakani kwa kunakili tarehe za mwaka huu ajiangalie.

---

FundiMaiki

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimalizie hiyo ya maji kwa namba, maana waandaaji wa Nairobi huamini namba.

Majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, hutolewa na Mamlaka ya Bandari. Kwa wastani bamvua hujaa hadi takriban mita 3.5 na kupwa hadi 0.3. Maji mafu hujaa takriban 2.4 na kupwa 1.3. Yako mabamvua yanayopita huo wastani. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja: gawanya kina chote mafungu 12, saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Saa tatu baada ya kujaa, nusu imekwenda. Nusu ya mita 3.2 ni 1.6. Kama ufuo unateremka mita 1 kwa kila mita 20, maji yamerudi nyuma mita 32. Ufuo wa mteremko mkali hayarudi mbali hivyo, kwa hiyo upimeni kwanza: kijiti, uzi wa mita 10 na chupa ya maji nusu kama pimamaji.

Njia rahisi kuliko zote: tembea ufuo asubuhi utafute mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu na vipande vya vijiti. Huo ndio mpaka wa bahari, imeuchora yenyewe. Viti vianze mita tano nyuma yake. Ukiona mistari miwili ya mwani, shika wa juu. Wa chini ni wa maji mafu ya juzi, na ndio unaowadanganya wageni.

---

Karatasi_na_Gundi

Hii ya mistari miwili ya mwani sikuwahi kuiona imeandikwa popote. Naomba FundiMaiki uendelee na sauti.

---

FundiMaiki

Sauti ya ufukweni huharibiwa na upepo kabla ya mawimbi. Mchana upepo hutoka baharini kwenda nchi kavu. Kuanzia Aprili hadi Septemba ni kusi, upepo wa kutoka kusini, na Juni hadi Agosti huwa na nguvu hasa. Desemba hadi Machi ni kaskazi, wa kutoka kaskazini. Kama mna uhuru wa kuchagua, epukeni Aprili na Mei, masika hayachezi na vitabu.

Jukwaa liipe bahari mgongo. Upepo utatoka nyuma ya msomaji, mwili wake utaikinga maiki, na sauti itapelekwa kwa wasikilizaji badala ya kurudishwa. Tumieni maiki inayosikia mbele tu, si ile inayopokea pande zote. Ivisheni sponji, na kama ni kusi ongezeni kile kifuniko cha manyoya juu ya sponji. Kwenye miksa bonyezeni kile kitufe cha kukata besi ya chini, hertzi 100 hivi. Mvumo wa upepo hukaa huko chini, sauti ya mtu haipungui kitu cha maana.

Ufuo wetu umeangalia mashariki, kwa hiyo msomaji aliyeipa bahari mgongo anatazama magharibi. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu jua linamchoma machoni na hasomi. Sababu nyingine ya kumsikiliza Bi Mkubwa na kuanza baada ya Isha.

Umeme: jenereta na miksa viwe upande wa nchi kavu, angalau mita 30 nyuma ya wasikilizaji, na upande ambao upepo unaelekea, la sivyo moshi na kelele vinawarudia. Waya zisilale mchangani, zipandisheni kwenye vijiti. Viungio vyote viwe juu ya kreti. Swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja miliampea 30 ni lazima, si hiari. Mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme vizuri sana, na watu watakuja pekupeku. Mkirudi nyumbani pangusieni vichwa vya waya kwa spiriti kabla ya kuvihifadhi. Chumvi iliyobaki huvila taratibu na mwezi ujao mtasikia mikwaruzo msijue imetoka wapi.

Karatasi ya msomaji nayo: chapeni kwa herufi za ukubwa wa 16 kwenda juu, kwenye karatasi nene ya gramu 160, upande mmoja. Vibanio viwili vya nguo, kimoja juu kimoja chini. Simu haifai. Jasho na unyevu vya vidole huifanya iruke kurasa.

---

Msomaji_Kayole

Taa je? Tulidhani tuzungushie zile za nyaya ndefu ufuo mzima.

---

BiMkubwa_Mvita

La, mwanangu. Kasa hupanda kutaga kwenye fukwe zetu usiku, na wana wake wakiangua hufuata mwanga wa baharini. Mwanga mkali wa nchi kavu huwapoteza. Taa ziwe chache, chini, rangi ya kaharabu au nyekundu, zimefunikwa upande wa bahari. Ya msomaji iangalie karatasi tu. Ulizeni pia kaunti kuhusu kibali cha spika mapema, msingoje wiki ya tamasha. Na kama ufuo uko ndani ya hifadhi ya bahari, chupa na sahani za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa humo tangu Juni 2020.

---

Karatasi_na_Gundi

Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 28 Agosti 2017. Kuna watu bado huficha michache chini ya meza ya vitabu. Chukueni gazeti la zamani na uzi wa pamba, mfungie mnunuzi kitabu kama maandazi. Wanapenda, na hufyonza jasho la mkono.

---

Ukumbi_Kwanza

Mimi natofautiana na uzi mzima kidogo. Mbona lazima ufuo? Tazameni matamasha ya bahari yaliyoshika mizizi. La Galle, Sri Lanka, lilianza 2007, na la Cartagena, Kolombia, chini ya jina la Hay, lilianza 2006. Yote hufanyika katika miji ya ngome iliyo kando ya maji, na yote huchagua Januari au karibu na hapo, wakati wa ukame kwao. Galle hiyo Januari inapigwa na kaskazi ile ile iliyokuwa ikileta majahazi kwetu. Lakini mazungumzo yenyewe hayawekwi mchangani. Huwekwa kumbini, uani, ndani ya kuta. Bahari iko hatua mia moja, mtu akitoka anaiona.

Sisi tuna nyua na baraza za mawe Lamu na Mombasa, kuta nene za matumbawe na chokaa, ambamo mtu anaghani bila maiki na anasikika hadi safu ya mwisho. Ua wa mita 10 kwa 12 unachukua watu 80 wakikaa mikekani kwa nafasi. Vitabu havipati chumvi ya moja kwa moja. Jenereta haihitajiki. Ufuo uachiwe usiku mmoja tu, tena wa ghani, si mdahalo. Mdahalo ufukweni ni kupiga kelele.

---

FundiMaiki

Kwa mdahalo nakubaliana nawe mia kwa mia. Watu watatu na maiki tatu kwenye upepo, hata vifaa vikiwa ghali, msikilizaji anachoka baada ya nusu saa.

---

Mchapishaji_Mpya

Basi tunabadilisha. Mazungumzo uani, ghani ufukweni. Tuna washairi wanne, saa moja. Kila mmoja robo saa, ni beti ngapi?

---

Malenga_Makadara

Hapa ndipo ratiba nyingi huvunjika, kwa sababu waandaaji hupima shairi kwa kurasa. Lipimeni kwa mizani, yaani silabi.

Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane na nane. Jumla 64. Ukisoma wazi kama gazeti huchukua sekunde 13 hadi 15. Ukighani kwa mahadhi, pamoja na kurudia kituo, ule mshororo wa mwisho, ni nusu dakika. Kwa hiyo dakika kumi za ghani ni beti 20, na hapo hujavuta pumzi. Robo saa mpeni mshairi beti 22 zisizidi, zilizobaki zimeze salamu, kupanda, kushuka na makofi. Ubeti wa utendi ni mizani 32, nusu ya tarbia, lakini tendi ni ndefu: ule wa Mwana Kupona wa 1858 una beti zaidi ya mia moja. Kuughani wote ni karibu nusu saa. Mkitaka utendi, chagueni kipande cha beti 30 kinachojitosheleza, msikate tu saa ikifika.

Nathari ni tofauti. Maneno ya Kiswahili ni marefu, msomaji mtulivu hufikisha 100 hadi 120 kwa dakika. Dakika kumi ni maneno 1,100 hivi.

Sasa la muhimu kuliko yote kwa washairi wetu wa Nairobi. Mizani. Chukueni mshororo huu:

*Mchana maji yajaa, na usiku yanakupwa*

Hesabu: m-cha-na-ma-ji-ya-ja-a, nane. Na-u-si-ku-ya-na-ku-pwa, nane. Ile m ya mwanzo ni silabi kamili. Inabeba pigo lake. Mazungumzo ya haraka ya mjini humeza m hiyo na "mchana" inakuwa na silabi mbili, pia "yajaa" inafupishwa "yaja". Umebaki na mizani sita mahali pa nane. Msikilizaji wa Mvita (Mombasa) au wa Amu (Lamu) hahitaji kuhesabu kwa vidole, sikio lake linajikwaa hapo hapo na halirudi kwako. Fanyeni mazoezi kwa kupiga meza: pigo moja kila mizani, m na n za peke yake zikiwa zimo. Mtu, m-tu, mapigo mawili. Nchi, n-chi, mawili. Mwana ni mwa-na, hapo m haisimami peke yake.

Pia dh, th na gh. "Dhiki" isiwe "ziki". Wasioweza kuzitamka wachague shairi lisilo nazo kwenye vina, kwa sababu kwenye kina ndipo kosa linapoonekana.

---

Mchapishaji_Mpya

Nimeandika yote. Swali la mwisho: tuchague usiku gani hasa? Bi Mkubwa alisema mwezi mpevu ni bamvua. Tuuache?

---

BiMkubwa_Mvita

Msiuache, sogezeni tu. Mwezi mpevu hutoka baharini jua likizama, watu wakiwa msikitini. Kila usiku unaofuata unachelewa kama dakika 50. Usiku wa pili baada ya mpevu utatoka karibu saa mbili. Maji siku hiyo yatakuwa yamejaa saa kumi na moja na ushei, na saa mbili yameshaanza kurudi vizuri. Jukwaa limeipa bahari mgongo, sivyo? Basi mshairi wenu wa kwanza akianza ubeti, mwezi unatoka majini nyuma ya bega lake.

Mkileta siku ya maji mafu badala yake, usiku wote maji yatakuwa yanapanda hadi saa nne au saa tano. Hayatafika kwenye viti, yako zaidi ya mita moja chini ya alama ya bamvua, lakini mwezi hamtaupata hivyo.

---

FundiMaiki

Na usiku huo wa mwezi zimeni taa zote isipokuwa ya karatasi. Mkeka wa mbele uwe mita tatu kutoka kwa msomaji, spika mbili tu, kila moja pembeni, urefu wa kichwa cha aliyesimama. Jaribuni sauti saa kumi na moja jioni maji yakiwa yamejaa, kelele ya wimbi ikiwa karibu. Ikisikika hapo, saa mbili itasikika.

---

Msomaji_Kayole

Meza ya vitabu iwekeni njiani wanakotokea watu kuelekea barabarani, isiwe karibu na jukwaa. Mtandao wa malipo ukizama, muwe na chenji ya noti za 50 na 100, na bei za mviringo: 500, 800, 1,000. Taa ya meza iwe ya betri. Jenereta ikizimwa ndipo watu huanza kununua.